Risasi, zebaki na ubongo wa kichanga: namna ya kusaka sumu nyumbani kwako kabla mtoto hajazaliwa

Babu yangu alikuwa mvuvi Tanga, na kila akitengeneza nyavu alikuwa anayeyusha risasi, ile metali, siyo ya bunduki, palepale uani, kwenye sufuria kuukuu juu ya mafiga, ile risasi inalainika mpaka inang'aa kama kioo halafu anaimimina kwenye vishimo vya mchanga, ikipoa anakunja kipande kimoja kimoja kwenye kamba ya chini ya nyavu na kukibana kwa meno. Kwa meno kabisa. Sisi watoto tunagombania vipande vilivyobaki tuvifanye pesa za mchezo, bibi anapika jiko la pili pembeni, na mama mdogo na tumbo lake la miezi saba amekaa kwenye kibao anachambua dagaa. Moshi tulikuwa tunaukimbia kwa sababu unawasha macho, basi.

Nimeanza na uani kwa babu kwa sababu watu wakisikia metali nzito, yaani risasi, zebaki na wenzao, wanawaza bomba la kiwanda huko mbali, kumbe mara nyingi ishu iko kwenye sufuria, kwenye nguo za baba, kwenye kopo la krimu, kwenye kipande cha udongo anachotafuna mjamzito. Na hiyo ndo habari nzuri pia, maana kiwanda huwezi kukifunga kesho asubuhi ila kopo la krimu unaweza kuachana nalo leo.

Kwanza uelewe zinamfikiaje mtoto

Tumezoea kuambiwa kondo la nyuma linachuja uchafu. Linachuja baadhi, ila metali nyingine zinapita kama hakuna mtu mlangoni. Risasi inapita kirahisi, damu ya kitovu cha mtoto inakuwa na risasi karibu sawa na ya mama yake. Zebaki ya kwenye samaki, inayoitwa methili zebaki, ni mbaya zaidi, kwa sababu mwili unaiona kama tofali la protini na unaibeba wenyewe kumpelekea mtoto, kiasi kwamba damu ya kitovu inakuwa nayo wastani wa mara 1.7 ya ile ya mama. Kadimiamu, ile ya kwenye moshi wa sigara, nyingi inanasa kwenye kondo lenyewe, inabana zinki isipite vizuri na mtoto anaweza kuzaliwa na uzito mdogo. Arseniki, ile sumu inayoweza kuwemo kwenye maji ya visima vya karibu na machimbo, nayo inapita.

Sasa kwa nini ubongo ndo unaumia zaidi? Kwa sababu ndo uko kwenye ujenzi. Seli za neva zinazaliwa sehemu moja halafu zinasafiri kwenda zinakotakiwa kukaa, halafu zinaanza kuunganishana. Methili zebaki inavuruga ile safari, seli zinaishia njiani au zinakaa pasipo pake. Risasi yenyewe inajifanya kalisi (kalsiamu), na kalisi ndo inayotumika seli za ubongo zikitumiana ishara, kwa hiyo ujumbe unafika umeharibika. Na ule ukuta unaozuia sumu kuingia kwenye ubongo wa mtu mzima, kwa kichanga bado haujakaza.

Mfano mkubwa duniani ni Minamata, Japani. Kiwanda cha kemikali kilimwaga zebaki baharini miaka na miaka, samaki wakaibeba, watu wakala samaki, ugonjwa ukatambuliwa rasmi 1956. Kilichowashangaza madaktari ni wamama ambao wenyewe walikuwa na dalili ndogo tu au hawana kabisa, halafu wanajifungua watoto waliopooza, hawawezi kukaa, hawawezi kuongea. Mpaka hapo watu wengi waliamini kondo linamlinda mtoto. Na unajua ushahidi ulitoka wapi? Wajapani wana desturi ya kukausha kipande cha kitovu cha mtoto na kukitunza kwenye kiboksi, sisi tunakizika wao wanakiweka ndani, basi watafiti wakaenda kupima vile vitovu vya miaka ya nyuma na zebaki ikaonekana humo.

Kwa wengi wetu hali haifiki huko. Kwa dozi ndogo ndogo mtoto anazaliwa mzima kwa macho, analia, ananyonya, vidole kumi. Inakuja kuonekana baadaye, anachelewa kuongea, hatulii, darasani anasahau. Utafiti uliounganisha watoto wa nchi kadhaa uliochapishwa 2005 ulikuta risasi kwenye damu ya mtoto ikipanda kutoka mikrogramu 2.4 hadi 10 kwa desilita, alama za akili zinashuka kama 3.9. Mtoto mmoja hutaiona tofauti hiyo, ila mtaa mzima utaiona. Shirika la Afya Duniani linasema wazi hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama.

Hatua ya 1: chora ramani ya siku yako

Chukua daftari. Siku moja nzima andika kila unachokigusa, unachokula, unachojipaka na kila anayeingia ndani kwako anatoka wapi. Usiruke kitu kwa sababu ni cha kawaida, cha kawaida ndo tunachokitafuta. Jiulize: kuna mtu hapa nyumbani ni fundi betri, fundi magari, mchomeleaji, mpaka rangi, mchimbaji, anayenunua vyuma chakavu? Kuna mtu anachoma dhahabu? Maji yanatoka wapi? Napikia sufuria gani? Najipaka nini usoni? Natafuna udongo? Nyumba ina rangi ya zamani inayobanduka? Nilikulia wapi utotoni?

Hilo la mwisho watu wanalipuuza. Kwa mtu mzima zaidi ya asilimia 90 ya risasi iliyomo mwilini inakaa kwenye mifupa, na inaweza kukaa miaka 10 hata 30. Ukibeba mimba mwili unachota kalisi kwenye mifupa kumjengea mtoto yake, na risasi inatoka pamoja nayo. Kwa hiyo risasi uliyoichezea una miaka nane inaweza kuja kumgusa mwanao ukiwa na thelathini. Mimi nilipolijua hili nilikaa kimya kidogo nikakumbuka zile pesa zetu za mchezo.

Hatua ya 2: ondoa chanzo

Hii ndo hatua yenyewe, nyingine zote zinaisaidia. Hakuna kidonge wala chai ya kusafisha damu inayofanya kazi kama chanzo bado kipo, na zile dawa za detoksi zinazouzwa kwa wajawazito kaa nazo mbali, baadhi ya dawa za asili za unga zimeshawahi kukutwa na risasi humo humo.

*Nguo za kazi.* Baba akitoka gereji au kwenye betri, vumbi linakuja nalo kwenye suruali, viatu, nywele. Anamkumbatia mkewe, anambeba mtoto, anakaa kitandani. Utaratibu uwe hivi: viatu vinabaki nje, nguo anavulia nje au bafuni, anaoga na nywele, ndo anasalimia. Nguo zake zifuliwe peke yake, asizifue mjamzito, na zisikung'utwe. Ndani usifagie kukavu, deki kwa tambara lenye maji. Najua kumwambia mwanaume akaoge kabla ya kula ni kazi, mwambie ni kwa ajili ya mtoto, wengi wanaelewa. Kule Lubumbashi, Kongo, utafiti uliotoka 2020 ulikuta kasoro za kuzaliwa zilikuwa nyingi zaidi kwa watoto ambao baba zao wanafanya kazi za migodini, baba, siyo mama, kwa hiyo akina baba hili siyo la kliniki ya wamama peke yao.

*Betri na kuyeyusha risasi.* Hapa hakuna kupunguza, ni kuacha, uani pasiyeyushwe risasi kabisa, iwe ya nyavu iwe ya betri. Stori ya mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kila mtu angepaswa kuijua. Phyllis Omido aliajiriwa kwenye kiwanda cha kuyeyusha betri kilichokuwa kimebanana na makazi, mwanawe mdogo akaanza kuumwa, wakadhani malaria, wakadhani taifodi, kuja kupimwa ni risasi, na mtoto alikuwa ananyonya tu. Akaanza kupambana, 2015 akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman, 2020 mahakama ikaamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya, rufaa ikaipindua, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Miaka yote hiyo kwa sababu ya vumbi.

*Zebaki ya dhahabu.* Kwa ndugu zangu wa Geita, Chunya, Migori na kwingine. Unajua inavyokuwa, mawe yamepita kwenye karasha, yameoshwa, zebaki imekamata dhahabu, sasa kile kidonge kinachomwa, na kinachomwa wapi? Kwenye kijiko, juu ya jiko la mkaa, mlangoni, kwa sababu mtu anaogopa kuibiwa. Ule mvuke hauonekani na hauna harufu ya kukustua, na ukiuvuta mapafu yanabakiza kama asilimia 80, unaingia kwenye damu na unavuka kwenda kwa mtoto. Kanuni: mjamzito na anayenyonyesha asishike zebaki, asiwepo inapochomwa, na isichomwe ndani wala karibu na jiko la chakula. Sufuria au kikaango kilichochomewa dhahabu kisirudi jikoni hata kikisuguliwa. Kama kikundi chenu kina ritoti, chombo cha kuchomea kilichofungwa, itumieni, inanasa mvuke na zebaki mnaipata tena, hata kipesa inalipa. Na ikimwagika ndani usiifagie, fagio linaivunja vipande vidogo na kuongeza mvuke, fungua madirisha, toa watoto, ikusanye kwa karatasi ngumu uiweke kwenye chupa yenye mfuniko.

*Mkorogo.* Krimu nyingi za kujichubua zina zebaki. Geuza kopo usome, ukiona calomel, mercuric, mercurous au mercurio, hiyo ni zebaki. Dalili nyingine ya ajabu ni onyo kwamba krimu isigusane na dhahabu, fedha au aluminiamu, ukiliona hilo jua kuna nini ndani. Na ukikuta kopo halina orodha ya viungo kabisa, hilo ndo baya kuliko yote. Zebaki ya aina hii inashambulia figo kwanza, lakini inapita kwenye taulo na shuka mpaka kwa mtoto, hata wasiojipaka wamekutwa nayo. Usitupe kopo jalalani watoto waliokote, lifunge, uliza halmashauri au ofisi ya mazingira pa kulipeleka.

*Wanja.* Najua nagusa pabaya, hasa kwa sisi wa pwani ambao mtoto wa siku saba anapakwa wanja wa manga mpaka kwenye nyusi. Wanja mwingi wa asili wa jiwe umekutwa na risasi nyingi sana, mtoto anajipangusa na mkono unaenda mdomoni. Kama ni lazima mpake kwa ajili ya mila, kuna wanja wa masizi, au mpake kwenye unyayo uliofunikwa na soksi. Bibi atanuna, atazoea.

*Udongo.* Wadada hapa tuongee taratibu. Hamu ya udongo siyo ujinga, mara nyingi inaendana na upungufu wa damu. Ila watafiti waliopima udongo wanaokula wajawazito kwenye maeneo ya wachimbaji dhahabu kanda ya Ziwa, pamoja na ile pemba ya vijiti inayouzwa sokoni, walikuta risasi na arseniki. Kuuchoma au kuuanika hakuondoi metali, kunaua wadudu tu. Fanya hivi, pima wingi wa damu, mwambie nesi ukweli bila aibu, meza vidonge vya kuongeza damu kila siku, na ukishikwa na hamu tafuna barafu safi, karoti au karanga za kukaanga. Wengi hamu inapungua damu ikipanda.

*Sufuria.* Zile zinazoyeyushwa mtaani kutokana na vyuma chakavu, injini, radieta, makopo, zote kwa pamoja. Sampuli kutoka nchi 10, Kenya na Tanzania zikiwemo, zilipimwa na matokeo yakachapishwa 2017, baadhi zilikuwa zinaachia risasi. Vitu vichachu ndo vinachota zaidi, nyanya, ndimu, ukwaju, tui la kulala. Kama huwezi kununua ya stenlesi sasa hivi basi angalau mchuzi mchachu usilale humo, na usiisugue kwa steelwire mpaka ing'ae.

*Rangi na maji.* Rangi ya zamani inayobanduka usiikwangue ukiwa mjamzito na usiwepo anapokwangua mwingine, na ukinunua mpya ya chumba cha mtoto uliza isiyo na risasi, kikomo kinachopendekezwa kimataifa ni sehemu 90 kwa milioni. Maji ya kisima karibu na machimbo yapimwe arseniki. Kuchemsha hakusaidii, maji yanapungua na arseniki inabaki palepale, na dawa ya klorini nayo haihusiki.

Hatua ya 3: samaki, usiache, chagua

Kuna wamama wakisikia zebaki wanaacha samaki kabisa, hapo umeharibu, kwa sababu mafuta ya samaki ndo yanajenga ubongo uleule tunaoulinda. Watoto wa Shelisheli, ambako wanakula samaki karibu kila siku, wamefuatiliwa miaka mingi na wengi hawakuonyesha yale madhara watu waliyoyaogopa.

Siri ni ukubwa. Samaki mkubwa kala wadogo, wadogo wamekula wadogo zaidi, zebaki inajumlishwa. Kwa hiyo dagaa, vibua, sato na changu wadogo, kula mara mbili tatu kwa wiki bila wasiwasi, jumla kama robo kilo mpaka gramu 340. Papa, nguru mkubwa, nduaro na jodari wale wakubwa, pumzika mpaka umalize kunyonyesha. Sangara chagua mdogo. Papa mkavu wa nazi nampenda kuliko kitu chochote na nilimwacha miaka miwili, inawezekana.

Kama unapanga mimba anza mapema, methili zebaki inapungua nusu kwenye damu kwa siku kama 50, ukiacha papa miezi sita kabla unaanza ukurasa karibu mweupe.

Hatua ya 4: ziba mianya kwa chakula

Mwili wenye njaa ya chuma unafungua mlango mkubwa wa kuvuta chuma, na risasi inapita mlango huohuo. Kalisi hivyo hivyo. Kwa hiyo kula maharage, mchicha, kisamvu, maini ukijaliwa mara mojamoja, na kamulia ndimu au kula chungwa ili chuma kiingie vizuri. Chai ya rangi isiende pamoja na chakula, subiri kama saa moja. Kwa kalisi kuna maziwa, mtindi, dagaa wanaoliwa na miba yake, na vidonge vya kalisi kama kliniki wamekupa, ila usivimeze wakati mmoja na vya damu, vinagombana. Usikae na njaa muda mrefu, tumbo tupu linafyonza risasi zaidi.

Hatua ya 5: kupima, na majibu yanamaanisha nini

Siyo kila mjamzito anahitaji kipimo. Kama daftari lako limeonyesha betri, machimbo, udongo wa kila siku au mtoto mkubwa aliyeshaonekana na shida, hapo omba. Risasi inapimwa kwenye damu ya mshipa, ya kidole inachafuliwa na vumbi la mkononi na kukupa jibu la kutisha la bure. Zebaki ya samaki inapimwa kwenye damu au nywele, ya mvuke na krimu kwenye mkojo. Vituo vingi vya kawaida hawana mashine, uliza hospitali ya rufaa, au maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali wakuelekeze.

Kwa risasi, mikrogramu 5 kwa desilita kwenda juu maana yake chanzo kitafutwe na kiondolewe, na kalisi na chuma viangaliwe, halafu unapima tena. Ikifika 45 hiyo ni ya hospitali na wataalamu wa sumu, ndo wanaoamua kama utapewa dawa ya kuvuta metali, dawa hizo zina hatari zake kwa mimba na hakuna hata moja ya kununua dukani mwenyewe.

Na tafadhali majibu yakija vibaya mama asisemwe. Mawifi na mashemeji nawajua.

Hatua ya 6: mtoto akishazaliwa

Nyonyesha. Metali zinapita kwenye maziwa lakini kidogo kuliko zilizopita kwenye kondo, na faida ya ziwa ni kubwa. Kwa risasi ushauri wa wataalamu wa Marekani ni kunyonyesha kuendelee kama damu ya mama iko chini ya mikrogramu 40 kwa desilita, ikizidi hapo maziwa yanakamuliwa na kumwagwa mpaka ishuke. Ukiamua maziwa ya kopo kumbuka unayakoroga na maji, na kama maji ndo yenye shida hujakimbia kitu.

Kama ulikuwa kwenye hatari mwambie daktari wa watoto, mwanao apimwe damu na mzunguko wa kichwa ufuatiliwe. Nyumbani angalia haya: kufika miezi 2 anakutabasamia, miezi 4 shingo imekaza, miezi 9 anakaa mwenyewe, mwaka mmoja anaita mama au baba, miaka 2 anaunga maneno mawili. Na usikivu pia, anageuka ukimwita kwa nyuma? Akichelewa kimoja siyo lazima iwe metali, watoto wanatofautiana, ila usisubiri kuambiwa ataongea tu hata baba yake alichelewa. Ubongo wa mtoto mdogo bado unajengeka, mazoezi ya mwili, kuongeshwa sana, kuimbiwa, kucheza naye uso kwa uso, vyote vinasaidia zaidi vikianza mapema.

Na lile daftari la ramani usilitupe, liweke pamoja na kadi ya kliniki. Mama mdogo niliyemtaja juu, kitinda mimba wake alipofika darasa la pili na herufi bado zinamkataa, daktari alimuuliza swali moja tu, wakati wa mimba nyumbani mlikuwa mnafanya kazi gani, akajibu hamna, uvuvi tu.